Musa, usiamini tepu peke yake

Musa mwanangu,

Meseji yako niliiona usiku, eti hao tumbili wa maabara kama watoto wao walikuwa na vichwa saizi ya kawaida mbona wanasema Zika, huo ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu, iliwaharibu ubongo, na eti ni kweli ilianzia kwetu Uganda.

Kwetu ndiyo. Ule msitu unaopita na teksi ukienda Entebbe ndio Zika yenyewe. Aprili 1947 wanasayansi walikuwa wanatafuta homa ya manjano, wakaweka tumbili kwenye vizimba juu ya miti, tumbili namba 766 joto lake likafika digrii 39.7 wakamtoa damu. Mwenyewe hakuumwa zaidi ya homa, na jamii yake ni ya Asia, si tumbili wetu (hiyo watu hawasemagi). Damu yake wakawadunga panya kwenye ubongo, hao ndio wakaugua, ndivyo kirusi cha Zika kilivyopatikana.

Unaowauliza wewe ni wengine kabisa, wa Marekani, tena wenye mimba. Zika ilipofika Brazil na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo 2015, wanasayansi wakawaambukiza tumbili wajawazito makusudi waone inakuwaje. Kirusi kinavuka kondo la nyuma kinaingia kwa mtoto kinaua zile seli changa za ubongo ambazo ndizo zingezaa zingine, sasa wewe ukikata machipukizi yote ya matoke shamba litajaa na nini? 2018 walitoa majibu, wale walioambukizwa mimba ikiwa changa asilimia 26 walipoteza mtoto. Na kuna watoto wengine wa tumbili hao kichwa hakikuwa kidogo lakini mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, na darubini zikaonyesha ubongo umeumia, seli zimepungua.

Hapo ndipo nilikaa kimya Musa. Miaka yangu yote ya ukunga nimepima vichwa vya watoto kwa tepu, nikiona namba iko sawa naandika sawa, mama anaenda nyumbani anafurahi. Wangapi niliandika sawa?

Kuwatesa hao wanyama sipendi, nakwambia ukweli, lakini mama wa Brazil ungemwambia nini bila hiyo.

Mkeo apake dawa ya mbu hata mchana, mbu wa Zika hawangoji usiku. Na nitumie chaja, hii ya baba yako imekufa.

Mama