Kabla Mchoro Haujafika Kwenu

Mkutano wa kwanza kuhusu kota zetu uliitishwa Jumanne, saa nne asubuhi. Saa hiyo mtaani kwetu, hapa Mbeya, wamebaki wazee, wagonjwa na watoto wadogo. Mama lishe yuko Mwanjelwa tangu alfajiri, bodaboda yuko kijiweni, wachuuzi wa viazi wameshafika Uyole. Tulihudhuria watu 19. Mimi, katibu wa kamati ya wakazi, ndiye niliyezungusha karatasi ya mahudhurio. Wiki chache baadaye karatasi ile ile ilikuwa imebanwa nyuma ya taarifa inayosema wakazi wameridhia kota zibomolewe na zijengwe ghorofa za bei nafuu. Iliniuma sana, maana wengine walitia saini kwa kuniamini mimi.

Naandika kwa ajili yenu mnaokaa kwenye kota za zamani, iwe Iringa, Njombe au Songea, ambao mmeanza kuona wageni wakipita na tepu za kupimia. Mimi sipingi ujenzi. Kuta zetu zimepasuka, choo kimoja kinatumiwa na nyumba nne, na mvua za Novemba zikianza, maji ya mlimani yanapita uvunguni mwa vitanda. Nyumba tunazitaka. Ila tuulizwe kabla ya mchoro, kwa sababu ukishapigwa muhuri hakuna mtu atakayehamisha ukuta kwa ajili yako.

Kwa hiyo anzeni na ile karatasi. Kabla mtu wa kwanza hajasaini, iandikwe juu kwa kalamu: "Mahudhurio tu, si ridhaa." Ipigeni picha. Mnachokubaliana kiandikwe kwenye muhtasari, usomwe kwa sauti watu wakiwa bado wamekaa. Na ombeni mkutano uwe Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Wa pili ulipofanyika saa hiyo, tulikosa mabenchi.

Halafu muwe na daftari lenu wenyewe. Sisi tulipita nyumba kwa nyumba jioni, tukaandika mkuu wa kaya, idadi ya watu, mwenye ulemavu, kazi, kodi anayolipa, na nishati anayopikia. Ugumu ulikuwa kwa waliopangishwa vyumba vya uani. Wenyeji wao hawakutaka waandikwe, wakihofia kwamba watagawana haki nao. Tulibishana siku tatu. Mimi nasema waandikwe. Dada anayekaa chumba cha uani na watoto wawili akiachwa nje ya daftari, siku ya kubomoa hana wa kumtaja.

Swali la nishati lilionekana dogo, kumbe ndilo lililobadilisha mchoro. Mbunifu majengo, binti mwenye subira, alituletea ramani. Tuliitazama, tukaitikia kwa vichwa, lakini hatukuielewa. Basi vijana wakachukua kamba na ndoo ya majivu, wakaichora nyumba ile kwenye uwanja wa mpira kwa vipimo vyake halisi. Bibi mmoja, jirani yangu, akaingia na jiko lake la mkaa, akaliweka pale palipoandikwa jiko, akachuchumaa. Mgongo wake uligusa mstari wa ukuta. Akauliza, "Mwanangu, dirisha liko wapi?" Binti akamwonyesha tundu dogo la juu. Bibi akasema, "Na Juni baridi ikija, hili jiko nitalala nalo chumbani."

Pale watu wote walinyamaza. Mtu wa nyanda za juu anajua maana ya maneno hayo, kwa sababu moshi na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Yule binti alipiga magoti kwenye majivu, akapima upya. Mchoro uliofuata ulikuwa na roshani pana ya kupikia na matundu ya hewa juu ya kila mlango wa chumba. Kama mbunifu wenu anakuja na karatasi peke yake, tafuteni majivu.

Kuhusu neno "nafuu", msiliache lipite hivi hivi. Ulizeni ni shilingi ngapi kwa mwezi, pamoja na maji, taa za ngazi na usafi. Mchuuzi wa viazi hapati mshahara, anapata msimu. Mama lishe anapata kwa siku. Sisi tuliomba kodi iweze kulipwa kidogo kidogo, na hilo lilikubaliwa mdomoni. Bado tunalidai kwa maandishi.

Jambo linaloninyima usingizi ni la kurudi. Kota za Magomeni, Dar es Salaam, zilibomolewa mnamo 2011, na nyumba mpya zikazinduliwa 2022. Kaya 644 zilisubiri zaidi ya miaka kumi. Kanuni za mwaka 2001 za fidia ya ardhi hukokotoa posho ya malazi, yaani fedha ya kupanga kwingine, kwa kodi ya soko ya miezi 36. Sisi wapangaji wa kota hatuna ardhi ya kufidiwa, lakini hiyo miaka mitatu tuliichukua kama kipimo, tukauliza mbele ya watu wote: ujenzi ukipita miezi 36, nani atatulipia kodi tulikohamia? Hatukujibiwa siku hiyo. Tuliliandika swali kwenye muhtasari, na kila mkutano tunaanza nalo. Ulizeni na ninyi, na majina ya kaya yenye haki ya kurudi yapigwe muhuri kila ukurasa, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine kwenu.

Mchoro wa tatu unaletwa mwisho wa mwezi. Safari hii tutadai vyumba vya chini wapewe wazee na wenye ulemavu kwanza. Bibi ameshasema atakuja na jiko lake.