Kabla hujakodi gari uwanja wa ndege Marekani

Mgeni akinipigia kusema amepata gari Phoenix kwa dola 50 kwa siku, namuuliza: unalichukulia wapi? Nimepokea ndugu wa kutosha huku Arizona kujua kwamba hiyo ya siku ni chambo tu. Angalia jumla, na jumla hubadilika sana kati ya gari la uwanja wa ndege na gari la mjini.

Tozo inayowashtua wengi ni ya asilimia 11.11. Viwanja vingi hudai kampuni za magari asilimia 10 ya mapato kwa ruhusa ya kufanya biashara pale, nazo kampuni humbebesha mteja. Mbona basi isiwe 10 kamili? Kwa sababu hata hicho unachoongezewa kinahesabiwa kuwa mapato. Ukikodi kwa dola 300 unaongezewa 33.33, inakuwa 333.33, na asilimia 10 ya hiyo ni 33.33. Hesabu imekaa sawasawa, mfuko wako ndio umetoboka.

Halafu kuna ada ya kulipia jengo la pamoja la magari na usafiri wa kukufikisha huko. Huko California wamefanya jambo la maana: sheria ya jimbo imeweka kikomo. Ni dola 10 kwa mkataba mzima, au kwa viwanja vilivyoruhusiwa kutoza kwa siku, isizidi dola 9 tangu 2017, tena kwa siku 5 tu. Ukikaa na gari mwezi, ada hiyo haivuki dola 45. Kwa hiyo ukikodi muda mrefu Los Angeles, hofia ile tozo ya asilimia kwanza.

Kwetu Phoenix kuna nyingine ya kuchekesha kidogo: anayekodi gari anachangia uwanja wa mpira. Wapiga kura wa kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, waliipitisha kodi hiyo mwaka 2000, asilimia 3.25 au dola 2.50, ile iliyo kubwa, na sehemu ya fedha ikaenda kwenye uwanja wa Glendale inakochezea Arizona Cardinals, timu ya mpira wa Kimarekani. Kampuni moja ya magari ilishtaki, ikidai katiba ya jimbo inataka fedha za namna hiyo ziende barabarani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Arizona ikasema kodi ni halali. Hii huikwepi kwa kwenda mjini, maana ni ya kaunti nzima. Wala usigombane na kijana wa kaunta. Hana uwezo wa kuifuta.

Bunge la Marekani liligusa suala hili mwaka 2018: likakataza majimbo na miji kuanzisha kodi mpya kwa biashara za uwanja wa ndege ambazo hazitozwi biashara kwa ujumla, isipokuwa fedha zote zitumike kwa mambo ya uwanja au usafiri wa anga. Zilizokuwepo zikabaki. Na ile kanuni ya serikali ya Marekani ya 2025 ya kutangaza bei kamili tangu mwanzo inahusu tiketi za burudani na michezo na malazi ya muda mfupi; magari hayamo. Sisi tuliopitia tozo za miamala ya simu nyumbani Tanzania mwaka 2021 tunajua, risiti usipoisoma mwenyewe hakuna atakayekusomea.

Ndugu akija kwa wiki, namfuata uwanjani mwenyewe, analala, kesho yake tunakwenda tawi la mjini. Kwa siku moja au mbili simsumbui: nauli ya Uber inameza alichookoa. Angalia saa za kazi mapema, matawi mengi ya mjini hufunga mapema Jumamosi na Jumapili hayafungui kabisa. Uliza pia masharti ya kadi ya benki kama huna ya mkopo, hayafanani kila tawi.

Jihadhari na kampuni zilizo nje ya uwanja zinazokutumia basi dogo. Nyingi nazo hulipa uwanja kwa kuchukua abiria pale, na gharama hiyo utaikuta kwenye mkataba. Kurudisha ni habari nyingine. Kwa kawaida tozo za uwanja hufuata mahali ulipochukulia gari, kwa hiyo unaweza kulichukua mjini ukaliacha uwanjani siku ya safari. Ila kampuni nyingine hutoza kwa kurudisha tawi tofauti, hivyo waombe jumla ya namna zote mbili kwa maandishi kabla hujatoa namba ya kadi.