Jibu: Ofafa Memorial Hall ya Kisumu ilijengwa na nani?

Ndugu, umeuliza Ofafa ni nani, na kama ukumbi wake hapo Kisumu ni wa wakoloni. Hapana. Ni kazi ya Luo Union, chama cha ustawi cha Waluo, kwa michango ya watu wake.

Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na mweka hazina wa Luo Union. Aliuawa mwaka 1953, Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na wakoloni kupambana na Mau Mau, ikiwa imepamba moto. Waliokulia mitaa ya Ofafa Jericho au Ofafa Maringo kule Nairobi wamelitaja jina lake maisha yao yote, wengine bila kujua ni la nani.

Sasa fikiria zama zenyewe. Klabu za mjini zilikuwa za Wazungu, Wahindi wana zao, na Mwafrika akiingia kule ni mpishi au mhudumu. Halafu KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, ikapigwa marufuku mwaka huohuo wa 1953. Vyama vya ustawi vya kikabila ndivyo vilivyoachwa vikipumua, kwa hiyo ukumbi wa chama kama hicho ulikuwa na uzito mkubwa kuliko harusi na dansi. Oginga Odinga, Ker (yaani kiongozi mkuu) wa Luo Union wakati huo, alilielewa hilo vizuri mno.

Ukiwa Kisumu ulizia pia Ramogi House, jengo lililokuwa la Lutatco, kampuni ya hisa aliyoianzisha Odinga. Wanaoandika historia ya mji huu hukimbilia reli ya 1901 na kuyaruka majengo haya mawili. Mimi naona si haki kabisa.