Kitambaa kizito: kabla ya kulaumu mota, angalia meno

Cherehani nyingi hushindwa kusogeza kitambaa kizito muda mrefu kabla ya kushindwa kukitoboa. Mtu akiona hatua za mshono zinajikunja, au tabaka la juu limebaki refu mwishoni huku la chini limekwisha, anakimbilia kutafuta mota kubwa zaidi. Mota haina kosa. Suali la kujiuliza ni hili: tabaka la juu linasogezwa na nani?

Kwenye cherehani ya kawaida jibu ni "hakuna". Meno yaliyo chini ya mguu (kile chuma kinachobana kitambaa) hufanya miendo minne: hupanda, husukuma kitambaa nyuma, hushuka chini ya bamba (chuma bapa chenye tundu la kupitisha sindano), hurudi mbele. Mpangilio huu Allen B. Wilson aliukatia hataza Marekani mwaka 1854, na hadi leo ndio ulio ndani ya cherehani nyingi. Meno hushika tabaka la chini peke yake. La juu hufuata kwa kuwa limegandamana na la chini, na wakati huohuo mguu unalisugua na kulizuia. Kwa pamba mbili nyepesi hilo halionekani. Weka turubai juu ya sponji, au ngozi bandia inayonata kwenye chuma cha mguu, na la chini litaondoka na kuliacha la juu.

Kipimo chake ni rahisi na kila fundi angepaswa kukifanya kabla ya kushika kazi ya mtu. Kata vipande viwili vya kitambaa kilekile, upana sentimita 5, urefu sentimita 50. Chora mstari kila sentimita 10 kwenye vyote viwili. Vilaze pamoja bila pini, vishone kwa mwendo wa wastani ukiongoza kwa vidole tu, bila kuvuta wala kusukuma. Kisha linganisha mistari. Tofauti ya milimita 2 mwishoni unaweza kuishi nayo. Ikifika sentimita 1, jua kwamba kwenye mshono wa mita 2 utabaki na sentimita 4 zisizo na pa kwenda. Pini hazitakuokoa hapo. Zinazuia ziada isifike mwisho, kwa hiyo inajikusanya kama mkunjo mbele ya kila pini.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kukaza skrubu ya mkandamizo wa mguu. Inaonekana ni akili, kwamba kitambaa kizito kinataka kubanwa sana. Lakini kadiri mguu unavyobana, ndivyo unavyolisugua tabaka la juu na kulizuia. Fanya kinyume: legeza mpaka meno yaanze kuteleza, kisha ongeza nusu mzunguko kwa wakati mmoja mpaka hatua ziwe sawa. Ukilegeza kupita kiasi utajua, maana kitambaa kitapanda pamoja na sindano inapotoka, kitanzi cha uzi hakitaundwa vizuri, na mshono utaruka.

Halafu ondoa bamba la sindano. Jinzi na sponji humwaga vumbi ambalo hushindiliwa chini ya meno mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi, na meno hayashuki tena kikamilifu. Lichokoe kwa brashi na kibano. Usilipulize kwa mdomo, unalisukuma ndani pamoja na unyevu. Rudisha bamba, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka meno yafike juu kabisa, uangalie yanatokeza kiasi gani. Kwa kitambaa cha wastani milimita 0.8 hadi 1 inatosha. Kwa kizito karibu 1.2. Ncha zinazong'aa na kuwa butu zimekwisha, badilisha. Kwenye cherehani ya kiwandani nunua meno, bamba na mguu kama seti moja, kwa sababu meno ya ukubwa mwingine yanaweza kugonga kingo za bamba.

Majira ya meno, yaani wakati yanapopanda na kushuka ukilinganisha na sindano, nayo huhama, hasa baada ya mtu kufungua cherehani bila kuweka alama. Kwenye cherehani ya kiwandani ya kushona moja kwa moja, kipimo cha kawaida ni hiki: meno yakiwa yanashuka na kufika usawa wa bamba, sehemu ya juu ya tundu la sindano nayo iwe kwenye usawa huohuo. Meno yakichelewa, kitambaa kinaendelea kusogea sindano ikiwa ndani. Inapinda, inagonga bamba, inakatika, na lawama anabebeshwa muuza sindano.

Sasa nundu, yaani pale matabaka yanaporundikana. Pindo la suruali ya jinzi lina matabaka matatu mwendo mzima, lakini kwenye mshono wa ubavuni uliolazwa upande mmoja matatu hugeuka tisa, na kwenye mshono wa kukunjana, ambao kingo zake mbili zimekunjwa moja ndani ya nyingine, huwa kumi na mawili. Mguu ukianza kupanda, pua yake inainuka, kisigino kinaning'inia, na kitambaa hakibanwi tena vizuri kwenye meno. Cherehani inashona palepale. Simamisha sindano ikiwa chini, inua mguu, ingiza nyuma yake kadibodi iliyokunjwa kwa unene wa nundu, shusha mguu ukae sawa, kisha pita kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Ukianza kushuka upande wa pili, kadibodi ihamie mbele, chini ya pua. Kuigonga nundu kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kushona kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kama kazi nzito ni ya kila siku, nunua njia nyingine ya kusogeza. Nafuu zaidi ni mguu unaotembea wa kufunga kwenye cherehani ya nyumbani. Una mkono wenye panda unaokaa juu ya skrubu ya kubana sindano. Sindano ikipanda, meno ya juu ya mguu huo yanabana kitambaa na kusafiri pamoja na ya chini; ikishuka, yanainuka na kurudi mbele. Panda hiyo ikikaa chini ya skrubu badala ya juu yake, mguu hautembei, na watu wengi huurudisha dukani wakidhani ni mbovu. Pima kwanza: shusha mguu ulionao, pima kutoka kwenye bamba hadi katikati ya skrubu inayoushika. Karibu milimita 19 ni aina fupi, 25 au zaidi ni aina ndefu, na haziingiliani. Shona mwendo wa wastani, na usitegemee mishono ya urembo inayokwenda upande kwa upande.

Ngazi inayofuata ni cherehani ambayo sindano nayo inasogea ikiwa ndani ya kitambaa, ikiyafunga matabaka yote kama msumari yasiachane. Inafaa sana kwa matabaka yanayoteleza. Na kwa makochi, mabegi na turubai, chukua ile inayounganisha vyote: meno, sindano na mguu wa ndani vinasafiri pamoja, na mguu wa nje unashika wakati wa ndani unaporudi. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapostahili kwenda. Ngozi laini itachorwa na miguu yenye meno, kwa hiyo tafuta miguu myororo.

Cherehani ya aina hiyo ina marekebisho ya kimo cha kuinuka kwa miguu. Usiache kimo cha juu muda wote kwa kuwa tu kipo: kelele huongezeka na sehemu huchakaa. Kwa sponji pandisha kimo, kwa turubai tabaka mbili kishushe, na kadiri unavyopandisha punguza mwendo. Uzi wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi) uende na sindano namba 110/18, Tex 135 na 140/22. Hatua iwe milimita 4 hadi 6. Hatua fupi kwenye ngozi hukata mstari wa matundu kama stempu.

Uzito wa kazi yenyewe usining'inie ukingoni mwa meza. Turubai la kilo kadhaa linalovuta kuelekea sakafuni hulazimisha meno kupanda mlima, na hatua hufupika bila wewe kugusa kitu. Weka meza ya pili kushoto na nyuma, kwa kimo kilekile.

Ukimaliza kurekebisha, shona hatua kumi mbele, bonyeza wenzo wa kurudi nyuma bila kubadilisha namba ya urefu, urudi hatua kumi. Sindano iingie matundu yaleyale. Ikiangukia kati yake, urefu wa kwenda na wa kurudi haulingani, na mafundo ya mwanzo na mwisho wa mshono yatachana ngozi.