Maswali ya vifaa tiba: chujio la mtungi wa oksijeni

Nimefungua regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) ya mtungi wa oksijeni, nikakuta mdomoni mwake kidude cha rangi ya shaba chenye punjepunje, kama kashata. Mwenzangu anasema nikitoe, gesi ipite vizuri. (Fundi, Tabora)

Usikitoe! Hilo ni chujio. Unga wa shaba iliyochanganywa na bati humiminwa kwenye kalibu, ukachomwa kwa joto lisilofikia la kuuyeyusha, punje zikashikana pale zinapogusana tu. Gesi hupenya kwenye nafasi zilizobaki, vumbi likanaswa.

Mitungi mingi ya hospitali ikijaa huwa na presha zaidi ya mara 130 ya hewa tunayovuta. Ukifungua valvu, oksijeni huchomoka na chochote kilichoko njiani. Chembe ya chuma ikigonga ukuta wa ndani kwa kasi hiyo inaweza kuwaka, na ndani ya oksijeni tupu hata metali huungua. Shaba hushika moto kwa shida. Alumini ni kinyume chake. Mwaka 1999 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya regyuleta za alumini kuwaka na kujeruhi watu. Mwambie mwenzako, tena leo.

Likiziba, nilioshe kwa petroli?

Hapana. Petroli, mafuta ya taa, grisi, hata losheni ya mikononi: vyote vinaweza kuwaka vikikutana na oksijeni yenye presha. Weka chujio jipya la aina ileile, na nati usiipake mafuta. Kabla ya kufunga regyuleta, simama pembeni, fungua valvu ya mtungi kidogo sana, kisha ifunge mara moja. Vumbi la mdomoni litatoka.

Kwa nini vifaa vingine hupunguza gesi kwa chuma chenye vitundu vingi badala ya tundu moja?

Tundu moja huzibwa na chembe moja. Vitundu vikiwa vingi, gesi hupata njia nyingine. Ila huziba polepole bila dalili, kwa hiyo pima mtiririko kila unapofanya matengenezo.

Kwenye flomita (kipimo cha mtiririko wa gesi) nisome juu ya kigololi au chini? (Muuguzi, Kilifi)

Katikati yake, dada, na flomita iwe imesimama wima, ikiinama inadanganya. Mtoto mchanga kwa mirija ya puani hupewa lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, hivyo kosa la nusu lita kwake ni kubwa mno. Flomita ya hadi lita 15 haimfai. Dai ya watoto, yenye vipimo vidogovidogo.