Kaunti inahusikaje na stima?

Umeuliza kwani kaunti inaandika mpango wa nishati ya nini na stima ni ya serikali kuu. Ndugu yangu, inahusika sana. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, ile sehemu inagawa kazi, sera ya nishati iliachia serikali kuu, lakini usambazaji wa stima na gesi ndani ya kaunti ikapatia kaunti, alafu Sheria ya Nishati ya 2019 ikasema kila kaunti iandike mpango wake ipeleke kwa waziri, hiyo yote ndio inaunganishwa inakuwa mpango wa taifa. Manake mtu wa Nairobi atajuaje dispensari ya kwetu jokofu la chanjo linategemea sola ya betri moja imechoka, nesi anabeba chanjo kwa boda wingu likikaa siku mbili? Hiyo inajulikana huku wadi. Ndio maana napenda sana ile njia ya Makueni, Wajir, Isiolo, Garissa na Kitui, kamati za wadi ndio zilikuwa zinachagua miradi ya tabianchi, si ofisi ya juu. Kaunti ikiita kikao cha maoni ya huo mpango wa nishati tafadhali nenda, na utaje hiyo dispensari kwa jina.