Pamba juu ya dari au foili chini ya mabati? Niliyojifunza nikijenga Malindi

Tulihamia nyumba yetu ya Muyeye mwezi wa Januari, kaskazi imekolea. Paa ni mabati ya geji 30, na chini yake dari ya mbao laini, basi. Ikifika saa nane mchana, mwanangu huchukua mto wake akaenda kulala sakafuni barazani. Chumbani hakukaliki. Ukigusa dari kwa kiganja unahisi moto unateremka.

Dukani niliuzwa pamba ya nyuzi za kioo, ile ya manjano inayokuja imeviringishwa. "Mama, hii ndiyo wanayotumia Ulaya," nikaambiwa. Ni kweli wanaitumia, ila wao wanataka joto la ndani lisitoke. Letu sisi linatoka juu. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mnamo Machi, na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Kuta hupata zamu yao asubuhi na jioni. Paa hupigwa mchana kutwa. Kwa hiyo kama pesa ni kidogo, zitumie zote kwenye paa, kuta uziache.

Pamba ilisaidia mpaka mvua za mwaka zilipoanza. Fundi alikuwa amepiga misumari mingine bila mpira, maji yakapenya. Pamba huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Maji yakichukua nafasi ya hewa hiyo, kinachobaki ni mzigo uliolowa. Dari ikaota madoa, ikanuka ukungu, na ubao wa chumba kimoja ukashuka. Tuliitoa yote. Siikatazi pamba: kwenye chumba cha kiyoyozi, chini ya paa lisilovuja na lenye hewa ya kupita, inafaa sana. Kwa nyumba ya kufungua madirisha, mimi singeianza nayo.

Tulichoweka baadaye ni foili ya alumini, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu mafundi wengi huikosea. Bati likishika moto hutupa joto chini kama jiko la makaa linavyokuchoma uso ukiwa umeketi mbali nalo. Uso unaong'aa hutoa joto la namna hiyo kidogo mno, lakini lazima mbele yake pawe na hewa. Foili ikibanwa kati ya bati na ubao, inakuwa chuma kingine cha kupitishia joto. Tandaza chini ya mbao zinazobeba mabati, uache nafasi ya vidole viwili au zaidi, na kama inang'aa upande mmoja tu, upande huo uelekee chini, kwa sababu vumbi likitua juu yake mng'ao hufa. Isigusane na saruji au chokaa mbichi, maana hivyo huila alumini.

Kisha toboa njia ya hewa. Acha matundu chini ya upenu na mengine juu karibu na mgongo wa paa, uyawekee wavu wa kuzuia popo. Hewa ya moto itapanda itoke yenyewe. Madirisha nayo yatazamane, upande wa kusi na upande wa kaskazi, kila msimu uwe na mlango wake wa kuingilia.

Kuna pia mbao nyeupe za polistireni, zinazofanana na zile zinazofungiwa televisheni. Ni nyepesi na hazinywi maji ovyo, ila zikishika moto moshi wake ni mweusi na mbaya. Tena waya wa umeme ukigusana nazo kwa muda mrefu, plastiki yake hukauka na kupasuka. Pitisha waya ndani ya paipu.

Ukipata nafasi, nenda Lamu, mtaa wa Mkomani, upande ngazi za nyumba ya zamani mpaka juu. Utakuta wengine wameezeka makuti juu ya paa bapa la mawe na chokaa, na upepo unapita katikati. Jua linaishia kwenye makuti, na jiwe lililo chini liko kivulini siku nzima. Niliposimama pale ndipo nilipoelewa kwamba nyumba yangu ilikuwa inahitaji kivuli kabla ya blanketi.

Na kama umeshapiga dari na huna uwezo wa kubomoa, paka mabati rangi nyeupe. Anza baada ya mvua, uyasugue kwanza chumvi na kutu, na uyaoshe tena kila yanapochafuka.